Tumbo la Fundi na Antena ya Pikapu

Fundi wa redio wa kampuni ya walinzi alikuwa na tumbo, na kila mtu alilijua isipokuwa yeye. Kifungo cha shati kikigoma, kosa ni la sabuni inayosinyaza nguo. Mkanda ukifika tundu la mwisho, basi mikanda ya siku hizi haina lolote. Mke wake, aliyekaa chumba cha redio akipokea taarifa za malindo yote, alimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akachoka. Fundi alichukulia kunyamaza kule kuwa ni ushindi.

Asubuhi moja dereva wa doria, mtu mwembamba kama ufagio, alileta pikapu yake karakana ikaguliwe redio. Fundi akachomeka mita kati ya redio na waya wa antena. Mita hiyo huonyesha nguvu kiasi gani inatoka hewani na kiasi gani inagonga mwamba na kurudi kuiunguza redio yenyewe. Mshale ukisoma moja na kitu, mambo safi. Ukifika tatu, kaa chonjo.

Antena ilifungwa kwenye bampa la mbele. Fundi akasimama mbele yake, bisibisi mkononi, na dereva akakaa ndani kubonyeza kitufe cha redio na kusoma mita.

"Tatu," alisema dereva.

Fundi akalegeza skrubu, akashusha ufito wa antena kidogo.

"Tatu."

Akaupandisha.

"Tatu na ushee."

"Umegonga geti wewe."

"Sijagonga kitu, kaka. Gari hili naliosha kuliko ninavyojiosha mwenyewe."

Fundi hakutaka kusikia. Akatwaa redio ya mkononi, akatangaza kwamba dereva wa doria ameharibu antena. Meneja, ambaye redio yake haizimwi hata chooni, akajibu papo hapo: dereva akabidhi funguo, kuanzia leo atalinda ghala la mbolea. Dereva akabaki kitini, kidole bado kimebonyeza kitufe.

Fundi akaenda benchini kutafuta koleo.

"Moja na robo," alisema dereva kwa unyonge.

Fundi akarudi mbio.

"Tatu."

Akapiga hatua moja nyuma. Moja na robo. Akasogea mbele. Tatu. Akaenda mbele na nyuma kama anayejifunza kucheza ngoma asiyoijua, na dereva akimsomea mita. Mwishowe wakabadilishana. Fundi akajibana nyuma ya usukani, dereva akasimama mbele ya antena, miguu palepale ilipokuwa ya fundi. Mshale ukalala kwenye moja na robo, haukutikisika.

Dereva aliitazama antena, akamtazama fundi.

"Ni tumbo, kaka," alisema taratibu. "Linafika kwenye antena kabla yako."

Aibu ilimpanda fundi hadi masikioni. Angeweza kusema ameshaitengeneza, akapewa na pongezi. Lakini dereva alikuwa ameanza kutoa vitu vyake garini: kitana, kandambili, picha ya mwanawe. Fundi akamhurumia, na kujihurumia zaidi, akabonyeza redio.

"Kituo, hapa Karakana. Dereva hana kosa. Antena ni nzima."

"Nimekupata, Karakana," mkewe alijibu. "Sasa tatizo lilikuwa nini?"

Fundi alitafuta neno la kitaalamu. Hakulipata.

"Tumbo langu," akasema. "Liliikaribia mno antena."

Hata lindo la benki, ambalo huwa halifungi mdomo, lilinyamaza. Kisha meneja akakohoa, akasema dereva abaki na gari lake.

"Karakana, hapa Kituo," mkewe akarejea, kwa ile sauti yake ya kazini isiyo na mzaha hata chembe. "Ujumbe wako umekatika. Tafadhali rudia taratibu, malindo yote yasikie."

Fundi akavuta pumzi, akavuta na tumbo kadiri lilivyokubali, akarudia.