Spika ya Nidia

Mtaani kwetu, kwenye vilima vya jiji la Cali, nyumba huchipuka kama uyoga na barua hazifiki. Habari zote tulizipata kwenye spika iliyofungwa juu ya bati la Nidia Palomeque, mwenyekiti wa mtaa tuliyemchagua mara tatu. Akianza na muziki, ni habari njema: maji, chanjo, mkutano. Asipopiga muziki, kuna msiba. Atataja jina kamili la marehemu na saa ya kwenda kunywa kahawa kwa wafiwa.

Leo asubuhi nilikuwa kwake, nikisubiri saini, walipoingia vijana wawili wa genge, waliokuja na pikipiki. Walikuwa na karatasi yenye majina ya familia saba zilizotakiwa zihame kabla ya Jumapili, la sivyo zingeuawa.

"Isome kwenye spika, mama. Wewe wanakuamini."

"Ndiyo maana siisomi. Nyie hamna midomo?"

"Tunakwenda kunywa soda. Tukirudi tukute umeshasoma."

Mimi, mwoga wa kuzaliwa, nikamwambia, "Shoga yangu, soma tu, yaishe."

Akanitazama kwa hasira. "Nenda kwako."

Nilikuwa bado njiani spika ilipokwaruza. Nidia hakupiga muziki.

"Majirani, tumefiwa na Nidia Palomeque Rentería, mwenyekiti wenu. Kahawa ni leo, saa kumi na mbili jioni. Waliomuua ni wawili, wana pikipiki nyekundu. Dereva ana kovu shingoni."

Spika hakuizima. Mtaa mzima tukasikia pikipiki ikisimama, kisha mlango ukigongwa.