Binti wa Muhanna

Bi Kazija wa Ibra, huko Omani, alikuwa hodari wa kujua nasaba za watu. Mtajie marehemu, umpe na kikombe cha kahawa, atakuhesabia wakeze wote, mpaka watoto aliowaacha Unguja na Pemba bila kuwaulizia tena. Elimu hiyo aliipata matangani, upande wa wanawake, kwa kukaa siku zote tatu na kutoona haya kuuliza. Miaka thalathini familia za Ibra na Sur zilimfuata azitafutie warithi, naye hakupokea hata baisa moja.

Kisha ikatoka amri: mtafuta warithi awe na rukhsa ya serikali, la sivyo maneno yake mahakamani si kitu. Tuseme kweli, amri ilikuwa na sababu. Matapeli walizidi, wakileta warithi wa kukodi. Bi Kazija hakununa. Alivaa abaya yake mpya akaenda kuomba.

Alikuwa na haraka. Mzee Muhanna amefariki, na wanawe wa Ibra wameapa kwamba hana mtoto mwengine. Bi Kazija akimjua Hamda wa Wete, aliyeachwa tumboni Muhanna alipokimbia mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne, akaandikishwa mtoto wa mjomba wake ili asalimike. Karatasi hana, na aliyebaki kuijua habari hiyo ni Bi Kazija peke yake. Mali Hamda hakuitamani sana. Alitaka atajwe, mara moja tu, kuwa ni binti wa baba yake.

Karani Sami, kijana mpole, alimjazia fomu.

"Bibi, hii kazi unachukua kiasi gani?"

"Astaghfirullah, mwanangu! Nile mali ya maiti miye? Nafanya kwa thawabu."

Alisema kwa fahari, na Sami akaandika vivyo hivyo. Baada ya wiki mbili jibu likaja: rukhsa ni ya wenye kazi, na asiyelipwa hahesabiwi kuwa ana kazi.

"Ungesema riali moja tu, bibi," Sami alimwambia, macho chini. "Omba tena. Jibu huchukua miezi mitatu."

Mirathi ya Muhanna ilikuwa ikigawiwa Jumapili ya wiki ile ile. Alikwenda mahakamani hivyo hivyo, akaulizwa rukhsa kabla hajamaliza salamu, akaambiwa akae nje. Alikaa. Mirathi ikagawiwa, na Bi Kazija akaichukia ile fahari yake kuliko alivyopata kumchukia mtu yeyote.

Alasiri akampigia Hamda simu.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Wameshagawa, Hamda. Hukuandikwa."

"Mali waachie. Lakini nilitajwa? Kuna aliyesema Muhanna ana binti Pemba?"

"Hapana."

"Hata wewe hawakukuacha useme?"

"Nilikuwa nje, mwanangu," alisema Bi Kazija. "Nilikuwa nimekaa nje."