Dapi Haikutoka Magunga Tupu

Nilienda Magunga kwa sababu nafasi yangu ya mwanagenzi katika makumbusho yetu madogo mjini Migori ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, na mama alishaanza kunitafutia kazi kwenye duka la mjomba. Msimamizi wetu, Madam Atieno, aliniambia, "Pamela, niletee ile dapi ikiwa nzima, halafu tutaongea mambo yako." Dapi ni mtungi mkubwa wa maji wa Wajaluo, na mwenyewe alikuwa amekubali kutuazima kwa maonyesho.

Kutoka Migori hadi Rodi Kopany nilipakata blanketi mbili na kujikumbusha sheria ya ghala la makumbusho: nafaka, majani, hata nyasi, marufuku. Mwanagenzi aliyenitangulia alileta kikapu chenye wadudu. Walitafuna ngozi za ngoma, naye hakuonekana tena.

Magunga nilifika mchana. Dani Rispa, nyanya mwenye dapi, alinikaribisha chai na njugu. Kugeuka hivi, namwona anamimina mtama ndani ya dapi kwa kopo, gorogoro baada ya gorogoro!

"Dani, tafadhali! Sisi tunaitaka tupu."

"Tupu?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hii ilikuwa ya mama mkwe wangu. Nikiitoa kwangu tupu, si ni kama nimemfukuza? Itatoka na chakula ama ikae."

"Lakini huko kazini watanifukuza mimi!"

"Basi iache, nyathina, mwanangu."

Woi! Kuiacha ni kufukuzwa, kuibeba ni kufukuzwa. Nilivyolia moyoni Mungu anajua. Nikaifunga kwa blanketi, tukaipandisha kwenye gari la probox nililokodi, ikakaa kiti cha mbele na mkanda juu. Dani alinishika mkono dirishani. "Usimwage njiani," akasema.

Tulipofika Ndhiwa, dereva alisimama kutafuta maji ya kunywa. Kando ya barabara kuku walikuwa wanachakura. Nilifungua blanketi, nikaingiza mkono kwenye mtama. Nikiwamwagia wale kuku, nani angejua? Nikamkumbuka dani alivyoacha kucheka, nikafunga tena. Kisha nikajikasirikia mpaka Rongo. Pamela, umejimaliza mwenyewe, tena mchana kweupe.

Jioni tukafika Migori. Madam Atieno alikuwa langoni, akafunua blanketi kabla sijamsalimia vizuri.

"Hii ni nini?"

Nilimweleza yote kwa mkupuo mmoja.

"Ghalani haiingii," akasema.

"Najua, Madam."

Aliifunika tena dapi, nami nikawa naona duka la mjomba na mizani yake. Kisha akasema, "Mpigie huyo mama." Akamsalimia dani kwa Dholuo, akamuuliza kwa heshima tufanye nini na huo mtama. Sauti ya dani kwenye simu ilisikika lango zima: "Mnaniuliza mimi? Mgeni amefika na chakula. Si mkule!"

Kesho yake mtama ulikwenda mashine ya kusaga, na mchana sote tukaketi verandani, askari wa lango pamoja nasi, tukala ugali wa mtama na dagaa wa omena. Dapi ilikuwa imekaguliwa na kupanguswa, ikaruhusiwa kuingia. Nami sikuonja utamu wowote, nikisubiri kuambiwa nifungashe vitu vyangu.

"Maonyesho yanaisha Desemba," Madam Atieno akasema, akimega tonge. "Wewe unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi huu."

"Haiwezekani. Huyo mama hamjui mtu mwingine hapa. Dapi yake utairudisha wewe, kwa hivyo Desemba utakuwa bado uko. Nitaongea na wakubwa."

Nilikuwa nimesoma miaka chungu nzima nikidhani kazi hii ni ya kutunza vitu. Kumbe mimi naajiriwa kwa sababu kuna mtu Magunga ananingoja nirudi.

Nilikuwa bado sijameza alipoongeza, "Na uanze kufikiria. Hiyo Desemba, utamrudishia ikiwa na nini ndani?"