Mstari wa Nyuma ya Jebel

Mwaka wa uhuru nilirudi Juba kutoka Kenya na kompyuta moja na majivuno ya watu kumi. Nilifungua kibanda mtaa wa Kator, nikaanza kuwachorea njia Wazungu waliokuja kuitalii nchi mpya kwa pikipiki kubwa. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mtu anaendesha akiwa na simu mfukoni, simu inarekodi kila alikopita, nami nauchukua ule mstari, nauweka sawa kwenye kompyuta, kisha nauingiza kwenye programu ya ramani katika simu ya mgeni.

Aliyeniendeshea alikuwa bodaboda wa Uganda, mtu wa mji wa Moyo, kule mpakani, mpole kupita kiasi. Kusoma ramani hakujua. Kabla ya kumkabidhi mgeni njia tuliijaribu pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, simu ikitoa sauti ya mwanamke wa Kizungu: kushoto, kulia, nenda moja kwa moja. Kiingereza hicho alikielewa. Siku akikata kona kwa akili yake, hata kama kona yake ilikuwa bora kuliko yangu, nilimzaba kofi juu ya helmeti na kumrudisha tulikotoka.

"Kichwa hiki ni cha kuvalia helmeti," niliwaambia wageni akiwa amesimama palepale. "Cha kufikiria ninacho mimi."

Wageni walicheka, naye akacheka. Nilimkariria neno moja miaka miwili: fuata sauti, usifikiri. Mwishowe akazoea. Nilijisifu kwamba nimemfunza kazi.

Kisha vita vikazuka, siku chache kabla ya Krismasi. Siku ya tatu, asubuhi, alikuja kibandani akiwa hajanawa uso. Alikuwa ameoa hapahapa Juba, na mkewe alikuwa wa kabila ambalo askari walilisaka nyumba kwa nyumba. Alimwacha nyumbani kwao, mtaa wa Gudele, amemfunika kwa magunia ya makaa. Kwenye vizuizi vya barabarani hawakuuliza kitambulisho. Walikusalimia kwa lugha yao, na ukishindwa kujibu, walikushusha.

"Mudir, mimi iko na shida," alisema. Mudir ni bosi, ndivyo alivyoniita siku zote. "Ile njia ya ng'ombe, ya nyuma ya Jebel, wewe iko nayo kwa kompyuta. Weka kwa simu yangu. Nataka kupeleka mama ya nyumba mpaka Moyo."

Nilikuwa nayo kweli. Mgeni mmoja aliirekodi kiangazi kilichopita, wakati bodaboda wangu amelazwa na malaria. Ilitoka Gudele, ikazunguka nyuma ya mlima huo wa Jebel kwa vijia vya ng'ombe, ikaibukia mbali huko kwenye barabara ya Kajo-Keji, iendayo Moyo.

Ningemwonea huruma. Badala yake nilimkasirikia. Niliona ameniletea balaa mlangoni, majirani wakichungulia.

"Nani alikutuma uoe huko?" nilimuuliza. "Wanawake wa kwenu wameisha?"

"Malesh, mudir," alisema. Samahani.

Nikaunganisha simu yake na kompyuta. Ukiingiza mstari, programu ile hukuuliza swali moja: iufuate ulivyo, au iusogeze ulingane na barabara inazozijua? Ikiufuata ulivyo, sauti inanyamaza, unabaki kuutazama mstari tu. Wageni wangu walipenda sauti, na huyu asingeweza bila sauti. Kwa hiyo nilibonyeza "linganisha", kama kila siku. Vijia vya ng'ombe havikuwamo kwenye ramani ya programu. Nilijua hilo. Ingetosha kukuza ramani na kuangalia kama mstari umehama. Ilikuwa kazi ya dakika moja, lakini nilitaka aondoke.

"Imeingia," nilimwambia. "Fuata sauti. Usifikiri."

Siku mbili baadaye alirudi peke yake. Alikaa kwenye benchi la wateja, simu mkononi, akanieleza. Walipofika mwisho wa Gudele, sauti ilisema kushoto. Kushoto kulikuwa na barabara kubwa. Mkewe, nyuma yake, alimvuta shati akasema geuza, huko si kwa ng'ombe. Yeye akamwambia mudir amesema tusifikiri. Baada ya kona kulikuwa na kamba iliyovutwa toka upande mmoja hadi wa pili, na askari. Yeye walimwacha, kwa kuwa ni Mganda. Mkewe walimsalimia, akanyamaza. Wakamshusha. Bunduki aliisikia akiwa bado hajageuza pikipiki.

"Mimi nilikosea wapi, mudir?" aliuliza. "Nionyeshe."

Nikaifungua ramani. Mistari miwili ilionekana pale waziwazi, ule wa mgeni ukipinda nyuma ya Jebel, na wangu umenyooka juu ya barabara kubwa. Nilimgeuzia skrini, nikijua hawezi kuisoma. Nikaweka kidole mahali pasipo na maana yoyote.

"Hapa," nikasema. "Ulipinda mapema. Ungengoja kidogo."

Alipatazama pale mahali. Kisha akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka, akasema, "Malesh, mudir."

Nikamwambia nimemsamehe.