Si Wangu, Atakaye Amchukue

Mama yangu mzazi nilimwita Bi Mkubwa siku zote, na mpaka nilipofika miaka kumi na minne jina la mama nililiweka kwa mwanamke mwengine, jirani yetu wa ghorofa ya juu aliyekuwa akishona kofia. Sikuona ajabu. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilikuwa na familia nne, na kila mtoto alikuwa na mpango wake wa kuwaita wakubwa. Nililala chini kwa Bi Mkubwa, nilikula kwake, na bakora nilizipata kwake. Lakini nguo yangu ya sikukuu ilitoka juu. Mtu akiuliza mlangoni, "Huyu binti yako?" Bi Mkubwa alijibu upesi, bila ya kuinua macho, "Mtoto wa watu huyu. Namlea tu."

Kwamba nilitoka tumboni mwake nilijua, na mtaa mzima ulijua. Alizika watoto watatu kabla yangu, na hakuna hata mmoja wao aliyefika kuachishwa ziwa. Nilipozaliwa mimi, alifanya kama walivyofanya wanawake wengi waliofiwa hivyo. Siku ya saba alinilaza ndani ya ungo, akanipeleka jaani nyuma ya nyumba, akaniacha juu ya majivu na maganda ya muhogo. Jirani akapita kama mtu mwenye safari zake. Akauliza, "Mtoto wa nani huyu?" Mama akajibu, "Si wangu. Atakaye amchukue." Jirani akaniokota, akapanda nami juu. Baadaye mama alipanda ngazi kuja kuninyonyesha, kama yaya aliyeitwa kazini. Kile kilichowachukua watatu wa mwanzo kingenitafuta kwake kisinione.

Naandika haya nikiwa na miaka ishirini na tatu, na bado sijui kama nina haki ya kuyaandika. Neno "mwanangu" sikuwahi kuitwa na mama. Nilikuwa nalitaka kuliko kitu chochote, na nilijua kwamba ananinyima kwa kunipenda. Kujua huko hakukunisaidia.

Wiki chache baada ya Mapinduzi, jirani aliondoka kuwafuata ndugu zake. Wengi waliondoka mwaka ule. Ninachokikumbuka mimi ni ngazi. Jirani alikuwa ameshika sanduku mkono mmoja na kikapu cha nyuzi mkono wa pili, na mama alikuwa amesimama chini yake, kamzuia njia.

"Na huyu?" mama aliuliza, akininyooshea kidole.

"Huyu kesha kuwa mkubwa, dada. Mchukue, ni wa—"

Mama akamziba mdomo kwa kiganja. Wakakaa hivyo kitambo, mama mkono wake kinywani mwa mwenziwe, na machozi ya jirani yanashukia juu ya vidole vya mama. Kisha jirani akapita. Sikumwona tena.

Tangu siku hiyo mama alinilinda kama mtu aliyeachiwa kitu cha thamani na mwenye kitu haijulikani atarudi lini. Nikikohoa, alikaa kitako usiku kucha. Nikichelewa skuli, nilimkuta njiani. Na mimi, sijui kama nilirithi au niliambukizwa, nikapata wasiwasi wangu. Nilitia udhu mara tatu na mara nne, kila mara nikiamini kwamba kisigino hakikuenea maji, mpaka mwalimu wangu wa chuo cha Kurani akaniambia, "Binti, sala ishakwisha. Wewe bado uko mferejini na shetani wako." Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikarudi kunawa.

Skuli niliacha baada ya darasa la nane. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe. Miaka ile vitabu vya nyumba zilizohamwa viliuzwa kwa mizani, na wauza njugu walivichana kufungia njugu zao. Nilikuwa nikinunua njugu nisizozila ili nisome karatasi, na nilipomzoea muuzaji mmoja, aliniwekea vitabu kabla hajavichana. Tamthilia zangu za mwanzo za Kiingereza nilizisoma hivyo, nyingine hazina mwanzo, nyingine hazina mwisho. Kamusi ilikuwa ya mkopo. Nilizipenda tamthilia kuliko hadithi kwa sababu ndani yake hakuna anayekueleza mtu anahisi nini. Unapewa alichosema, basi, na mimi nilikuwa nimelelewa hivyohivyo.

Nikapata kazi ya kupiga chapa katika chuo kimoja cha ualimu. Wanafunzi walikuwa wakitunga michezo ya kuigiza ya siku zile, juu ya kilimo, juu ya ndoa, juu ya kujenga nchi, nami ndiye niliyeipiga chapa. Koma moja ikikaa vibaya nilitoa karatasi nzima nikaanza upya. Katika kupiga huko nikaona jambo. Mama katika michezo ile alilia harusini, alilaani, aliomba dua, alipika. Hakuwahi kuogopa. Nikafungua daftari. Kila mama niliyempiga chapa nilimwandika, alisema nini na alinyamaza wapi. Baada ya miaka miwili nilikuwa na andiko la kurasa arubaini juu ya wasiwasi wa mama katika tamthilia zetu, bila ya cheti na bila ya mtu aliyenituma.

Nilimpelekea mkuu wa idara, mzee mpole aliyekuwa akivaa koti hata mchana wa kaskazi. Alilisoma kwa wiki mbili.

"Umefanya kazi," aliniambia. "Wenye shahada zao hapa hawajaifanya. Lakini unasema mama mwenye hofu hayumo katika michezo yetu. Sasa yuko wapi? Nionyeshe mmoja."

Nikamwonyesha. Niliongeza kurasa tatu juu ya ungo, jaa na jirani. Alipomaliza kuzisoma alivua miwani, na siku ya pili yake alinambia kwamba redioni wanataka mazungumzo ya robo saa juu ya tamthilia, na kwamba nikasome hizo.

Hapo ndipo nilipokosa. Ningeweza kusema "mwanamke mmoja". Niliijaribu sentensi hiyo, nikaiona dhaifu, haina ukweli. Nikaandika "mama yangu mzazi, na mimi ni mtoto wake". Nilipoyasoma maneno hayo mbele ya kipaza sauti, sauti yangu ilitulia kwa mara ya kwanza maishani, na nilifurahi.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa amekaa juu ya kitanda, redio imefunikwa kanga, betri ziko mapajani mwake.

"Umesema mbele ya nani?" aliniuliza.

"Mbele ya wasikilizaji, Bi Mkubwa."

"Wanaoonekana tu ndio wanaosikiliza?"

Nilikuwa na kurasa arubaini na tatu juu ya hofu ya mama, na swali hilo halikuwemo hata katika ukurasa mmoja.

Hakunigombeza. Aliacha kula vizuri, akaacha kulala, na kila niendapo kazini alinifuata mpaka pembe ya mtaa. Baada ya wiki mbili alimleta shoga yake wa mtaa wa Ng'ambo, mwanamke mnene mwenye maneno, aliyekuwa akikaanga bajia. Walikuwa wameshapanga. Ilikuwa nikakae jaani asubuhi, mtu mzima mimi, naye shoga apite aniokote.

"Mie tayari," shoga alisema. "Ila huyu si wa kubebwa kwa ungo tena, mwenzangu. Ntamtafuta hamali na gari lake."

Mama hakucheka. Alikuwa akinitazama mimi.

"Dakika moja tu," alisema. "Kabla watu hawajaamka."

Nilikataa. Nataka kuandika hapa sababu zangu kama zilivyokuwa, si kama zinavyonipendeza sasa. Nilisema kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na kwamba mimi ni mtu wa chuo. Lakini kweli ni kwamba niliona haya kukaa jaani, mtu asije akaniona, na nilikuwa na hasira. Nilisema neno langu mara moja tu katika maisha yangu, na mara hiyo moja nilikuwa natakiwa kulirudisha.

"Mwache," shoga alimwambia mama wakitoka. "Kasoma. Aliyesoma haokoteki."

Miezi ikapita. Daktari alisema ni moyo, umechoka siku nyingi. Mimi sijamwamini. Wala sisemi kwamba ni mimi niliyemuua, kwa sababu shoga amenikataza nisiseme hivyo, lakini hakuna siku ninayoamka bila ya kulipima tena. Alipokuwa hawezi kuinuka, alianza kuniuliza kila saa, "Upo?" Nikisema, "Naam, nipo," alishika kifundo cha mkono wangu kwa nguvu, kama anayehakikisha.

Nikamfuata shoga Ng'ambo. Nilimkuta anatengeneza unga wake. Nilimwambia niko tayari, leo hii, mbele ya watu wote akitaka. Aliosha mikono, akanitazama.

"Sasa mama yako jaani atafikaje?" alisema. "Haya. Tutafanya palepale ndani. Mungu ndiye ajuaye."

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Nilitandaza gunia sakafuni karibu na kitanda, nikamwaga majivu ya jikoni juu yake, nikakaa. Mama alifumbua macho akaniona pale. Akaelewa, naamini alielewa, maana uso wake ulilegea. Shoga akatoka nje, akarudi ndani kwa mwendo wa mtu anayepita zake. Akasimama.

"Mtoto wa nani huyu?"

Mama alinitazama. Akasema, kwa sauti iliyosikika vizuri kabisa, "Wangu."

Shoga akanigeukia. Hakujua la kufanya. Mimi nilikuwa nimelingoja neno lile tangu nilipopata akili, na lilikuja nikiwa nimekaa juu ya majivu, mbele ya shahidi. Ningeweza kuliacha. Ningeweza kuinuka nikamkumbatia.

"Sivyo, Bi Mkubwa," nilisema. "Sema si wako."

Akaunyoosha mkono kutaka kunishika.

"Sema, si wangu. Atakaye amchukue."

Shoga akauliza tena, taratibu, kama anayemfundisha mtoto, "Mtoto wa nani huyu?"

"Si wangu," mama alisema. "Atakaye amchukue."

Shoga akanishika mkono, akaniinua, akanitoa mpaka barazani. Niliporudi ndani mama alikuwa amelala usingizi wa kweli, ule ambao hakuupata tangu siku ya redio. Aliamka mara mbili tatu, akanywa maji, hakuuliza tena kama nipo. Alifariki siku ya tatu, asubuhi, na mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji.

Shoga anasema nilimpa mama amani yake, na kwamba hakuna mtoto ambaye angeweza kutoa zaidi ya hapo. Labda. Lakini mimi najijua. Mimi ni mtu nisiyeweza kuacha koma iliyokaa vibaya, na sijui, naapa sijui, kama nilimsahihisha mama kwa kumwonea huruma au kwa sababu alikosea maneno.

Mkuu wa idara ananiuliza andiko litakwisha lini, watu wa bara wanataka kulichapa, na huenda nikaitwa huko kusoma. Limebaki mahali pamoja tu, pale ninapotakiwa kuandika mama alijibu nini. Nikiweka jibu la kwanza, nimemrudisha katika hofu yake. Nikiweka la pili, sina mama. Kila asubuhi natia karatasi mashineni, napiga swali la shoga, na mikono inasimama.