Heshima Mdomoni, Kilo Kwenye Kiti: Miaka Yangu ya Kugawa Viti vya Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini niliwapanga abiria kumi na wawili kwa heshima, na wote kumi na wawili wakateremshwa.

Ilikuwa Shinyanga, kwenye uwanja mdogo wa ndege wenye chumba kimoja cha abiria, mabenchi mawili na mzani. Nilikuwa nimetoka kwetu Samuye na cheti changu cha kidato cha nne, pamoja na miezi michache ya mafunzo ya kuhudumia abiria. Jina langu ni Kabula, ingawa siku hizi wengi wananiita Mama Nkwimba kwa jina la binti yangu. Ndege yetu ilikuwa ya injini moja, panga boi moja puani, na viti kumi na viwili vya abiria, kimoja kikiwa pembeni ya rubani. Mlango ulikuwa nyuma kabisa, karibu na mkia. Kati ya viti palikuwa na njia nyembamba ambayo mtu mzima huipita ameinama.

Walikuwapo wazee watatu wenye miili mikubwa. Nikaona si vizuri wazee wainame kama watoto wanaotafuta kitu kilichoanguka. Nikawaweka nyuma, mlangoni. Vijana wembamba nikawapeleka mbele. Nikajiona nimefanya kazi safi.

Meneja wa Kituo, mtu mfupi ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliitazama karatasi yangu kisha akanitazama mimi.

"Kabula, hawa wazee umewaweka nyuma kwa nini?"

"Wasihangaike kuinama, baba."

"Umewahurumia."

"Ndiyo."

"Basi wahurumie tena. Washushe."

Abiria wakiwa wamesimama juani wakininung'unikia, alichukua rula mezani akailaza juu ya kidole kimoja mpaka ikatulia. Akaweka kifutio kwenye ncha moja. Rula ikaanguka. "Pale ilipotulia ndipo kitovu cha uzito," akasema. "Ndege nayo ina chake. Mkia ukizidiwa, pua inainuka, rubani anasukuma usukani mbele na ndege haimsikii. Hapa heshima unaiweka mdomoni. Kwenye kiti unaweka kilo."

Niliwapanga upya, nikiwaomba radhi mmoja mmoja. Tangu siku ile sikumpa mtu kiti kabla sijamwona akisimama kwenye mzani.

Nilikaa Shinyanga miaka sita. Nikajifunza kujaza karatasi ya uzito, ambamo kila safari huandikwa kilo za abiria, mizigo na mafuta, na kila kimoja kimekaa wapi. Mtu wa kaunta anaweka sahihi yake na rubani anaweka yake. Bila sahihi hizo mbili, ndege haiondoki. Nikajifunza pia kuwauliza watu uzito wao bila kuwaaibisha. Akina mama wa mjini walikuwa hawapendi mzani wangu hata kidogo. Niliugeuza namba zikatazama upande wangu tu, na ugomvi ukaisha.

Kisha nikahamishiwa Geita, kwenye kiwanja cha vumbi jekundu kilichohudumia watu wa migodini. Wakubwa wa kampuni, mafundi wa mitambo, wanunuzi wa dhahabu, wote walipita mbele yangu. Huko bosi wangu alikuwa Msimamizi wa Safari, kijana aliyevaa saa kubwa na kuitazama kila baada ya dakika. Hakuwa mtu mbaya. Wakubwa wake walimpima kwa jambo moja tu, ndege kuondoka kwa wakati, naye akatupima sisi hivyo hivyo.

Abiria wa Geita waligombea viti viwili. Cha kwanza ni kile cha pembeni ya rubani, kwa ajili ya kuona. Cha pili ni cha mlangoni, kwa ajili ya kushuka kwanza. Mnunuzi mmoja wa dhahabu, Mzee Masanja, alikifanya cha mlangoni kuwa chake. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye kofia ya pama, na watu walimpisha hata kabla hajasema. Siku nyingine nilimwachia kwa sababu mizigo iliruhusu. Kosa langu lilikuwa kumzoesha.

Asubuhi moja alikuja na ndugu zake wawili. Mizigo ya kwenda tumboni mwa ndege niliipima yote. Mifuko ya mkononi wakati ule hatukuipima, tuliiangalia kwa macho tu. Kila mmoja wao alibeba begi dogo jeusi, na wakati wanapita kwenye kaunta mimi nilikuwa nimeinama nikisoma barua ya rufaa ya mtoto.

Mtoto huyo alikuwa Limi, msichana wa miaka mitatu kutoka Buseresere. Alikuwa na ugonjwa wa moyo na midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Hospitali kubwa ya Mwanza ilikuwa inamsubiri. Mama yake alimbeba kifuani, akaniambia polepole kwa Kisukuma kwamba hajawahi kupanda ndege na anaogopa. Nikampa kiti cha mstari wa pili, penye utulivu, nikamfunga mkanda mwenyewe.

Niliporudi nje na karatasi yangu mkononi, nikaitazama ndege. Kwenye mguu wa gurudumu la mbele kuna chuma kinachong'aa ambacho huzama kadiri pua inavyobeba uzito. Siku za kawaida kilionekana kwa upana wa vidole vitatu. Siku ile kilionekana kiganja kizima. Pua ilikuwa nyepesi. Mahali fulani nyuma palikuwa na uzito ambao sikuwa nimeuandika.

"Dada Kabula, weka sahihi," Msimamizi wa Safari akasema. "Tumechelewa."

"Mkia umelala, bosi."

"Ndege ni ileile ya jana."

"Ndege ni ileile. Mzigo si uleule. Naomba tupime mabegi ya Mzee Masanja."

Akanivuta pembeni. "Unamjua yule ni nani? Na mle ndani kuna mtoto mgonjwa. Akifia hapa kiwanjani utajibu wewe?"

Swali lile liliniuma, maana nilikuwa nimekwisha kujiuliza. Kupitia dirisha nilimwona mama wa Limi akimpepea mwanawe kwa ile barua ya rufaa. Kila dakika niliyosimama pale nilikuwa naichukua kwake.

"Nikiweka sahihi na ndege isipofika, nitajibu vilevile," nikamwambia.

"Usipoweka, kesho rudi kwenu Samuye."

Nkwimba alikuwa darasa la tano, na mshahara wangu ndio uliokuwa unamsomesha. Niliikunja karatasi, nikaitia mfukoni na kupanda ngazi.

Mzee Masanja alikuwa amekaa mlangoni, ndugu zake karibu naye na mabegi yao miguuni, mguu wake mmoja juu ya begi lake. Nikapiga goti pale kwenye njia nyembamba, kama tunavyowaamkia wazee kwetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti."

"Naomba nikuhamishie mbele, pembeni ya rubani. Na haya mabegi matatu naomba yapite kwenye mzani."

"Mimi hapa nimeshakaa. Na begi langu haliendi popote."

Alisema taratibu, lakini niliona jinsi macho yake yalivyokwenda kwa abiria wengine na kurudi kwenye begi. Hapo nikaelewa. Mle ndani mlikuwa na mawe ya kwenda kupimwa maabara. Mtu aliyepata duara jipya, yaani shimo la kuchimba, lenye dhahabu hataki hata jirani yake aone rangi ya jiwe, kwa sababu kesho yake atakuta wenzake wamechimba pembeni. Yule mzee hakuwa na kiburi siku ile. Alikuwa na hofu, kama mimi.

Nikashusha sauti wasisikie wengine. "Baba, sitalifungua. Mzani hausomi kilichomo, unasoma uzito tu. Utalibeba mwenyewe, utaliweka mwenyewe, utaliondoa mwenyewe. Mimi nitaangalia namba."

Mguu wake ukabaki juu ya begi. Mama wa Limi akageuka kutoka mstari wa pili.

"Baba, mwanangu anapumua kwa shida," akasema. "Tusaidie tuondoke."

Mzee Masanja alimtazama yule mtoto kwa muda. Kisha akavua kofia, akainama, akalibeba begi lake kwa mikono miwili na kushuka. Ndugu zake wakamfuata. Rubani naye akashuka kuja kuona kinachotuchelewesha.

Begi la kwanza lilipokaa kwenye mzani, sindano ilipanda mpaka nikadhani mzani umeharibika. La pili likawa hivyo hivyo. La tatu likazidi. Mabegi yale matatu madogo yalikuwa na uzito wa watu wazima wawili, tena walioshiba. Rubani alihesabu kwenye kikokotoo chake, akarudia, kisha akamgeukia Msimamizi wa Safari.

"Tulikuwa tunaondoka na abiria wawili wasio na majina," akasema, "na wote wamekaa mkiani."

Begi moja tulilipakia tumboni mwa ndege, upande wa mbele. Mawili yakabaki na ndugu mmoja, ambaye alikubali kuyalinda na kusubiri safari ya mchana. Mzee Masanja akaenda kukaa pembeni ya rubani. Nilipoutazama tena mguu wa mbele, chuma kilikuwa kimezama mpaka vidole vitatu. Nikatoa karatasi mfukoni, nikaandika upya, nikaweka sahihi. Rubani akaweka yake. Tulikuwa tumetumia dakika kumi na tano.

Sikuketi mpaka redio iliposema wametua Mwanza salama na gari la hospitali limeshamchukua mtoto. Hapo nikakaa juu ya mzani, maana kiti kilikuwa mbali.

Niliingoja barua ya kufukuzwa. Badala yake, siku ya nne, alikuja Rubani Mkuu kutoka makao makuu, mwanamke wa makamo aliyekuwa bosi wa marubani wote wa kampuni. Akanitaka nimwonyeshe nilichokiona. Nikampeleka kwenye gurudumu la mbele, nikapima vidole vyangu kwenye chuma.

"Nani alikufundisha hiki?" akauliza.

"Hakuna, mama. Nimekiona kila siku mpaka nikakijua."

Akamwita Msimamizi wa Safari. "Kuanzia leo mifuko ya mkononi inapimwa, vituo vyote," akamwambia. "Na huyu akisema ndege isubiri, inasubiri." Yule kijana akanigeukia mbele ya bosi wake na kuniomba radhi. Lile lilihitaji ujasiri, na tumebaki marafiki mpaka leo.

Wiki iliyofuata Mzee Masanja alifika kaunta. Akaliweka begi lake kwenye mzani kabla sijamwambia, akapanda na yeye. "Binti, leo nikae wapi?" akauliza kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima. Kuanzia hapo hakuna mkubwa yeyote wa Geita aliyebishana na mimi kuhusu kiti. Limi naye alirudi baada ya miezi michache, akiwa amefanyiwa upasuaji. Alitembea kwa miguu yake kutoka kwenye ndege mpaka kaunta, akataka na yeye apimwe. Nilimpima mara tatu, kwa sababu alikuwa anacheka.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Mwanza, nikiwa Mkuu wa Kaunta. Huko ndege ni kubwa, abiria sabini, panga boi mbili, viti viwiliviwili kila upande. Siku hizi mnajichagulia viti kwenye simu, kwa hiyo niwaambie niliyoyajua. Ukitaka kutulia hewa ikichafuka, kaa usawa wa bawa. Ukitaka kulala, kimbia mistari iliyo sambamba na panga boi, maana hapo kelele ni nyingi. Ukiwa na haraka, uliza kwanza mlango wa abiria uko wapi. Kwenye ndege nyingi za aina ile uko nyuma, na wanaokipigania kiti cha mbele hushuka wa mwisho wakishangaa. Kiti cha mlango wa dharura kina nafasi ya miguu, lakini anayekaa hapo lazima awe na nguvu za kuufungua. Na mgonjwa aliyefungwa hogo, yaani plasta ngumu, mguu wa kulia, mpe kiti cha njiani upande wa kushoto wa ndege, aunyooshe mguu wake njiani. Ukimpa upande wa kulia utamtesa safari nzima. Vijana niliowafundisha niliwatahini kwa swali hilo la mguu, na wengi walianguka mara ya kwanza.

Nimestaafu mwaka huu. Watu wa kampuni walinipa tiketi ya kwenda Dar es Salaam, kwa Nkwimba, ambaye sasa ni mhandisi. Nikaenda kaunta na begi langu kama abiria yeyote. Binti aliyekuwa zamu nilimfundisha mimi mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ungependa kukaa wapi?"

Kwa miaka yote ile, sisi wafanyakazi tulipanda ndege kwa viti vilivyobaki, popote vilipo, mara nyingi pale penye kelele. Nimewapa watu maelfu viti vyao na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi swali hilo. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. Yule binti akasubiri bila kunihimiza.

"Dirishani," nikamwambia. "Upande wa kulia, nyuma ya bawa."

Ni upande usiopigwa na jua la asubuhi, na ndio unaotazama Usukumani. Tulipopanda juu nikaegemeza paji la uso kwenye kioo. Nchi ya kwetu ilikuwa imelala chini, na vilima vyake vya mawe na mabwawa ya ng'ombe yaking'aa. Mhudumu akapita na kuniuliza kama niko sawa pale nilipokaa.

"Hapa," nikamjibu, "ni pangu."