Siku Ishirini Mbele ya Tangi la Kaka Bảy

Kaka yangu Bảy alipokwenda Saigon kupasuliwa macho hakuacha ufunguo wa nyumba, hakuacha wosia. Aliacha tangi lake la samaki. Alimwachia Khởi, kijana aliyekuwa akimtaka binti yake Thắm, na maneno yake aliyasema mbele yetu sote, kikombe cha chai mkononi.

"Zamani mchumba alihamia ukweni miaka mitatu. Alilima, akachota maji, akatukanwa. Mimi sina shamba. Nakupa siku ishirini na tangi hili. Nikirudi na macho mapya nikalikuta linavyostahili, tutazungumza. Nikikuta bwawa la vyura, Thắm atafutiwa mtu mwingine."

Thắm alicheka, akidhani ni utani. Sisi tunaomjua Bảy hatukucheka.

Mimi ni Tám, yaani wa Nane, kwa kuwa nilizaliwa nyuma yake yeye wa Saba. Tunaishi ukuta kwa ukuta hapa Sa Đéc, na yote anayoyajua Bảy kuhusu mimea ya majini aliyapata kwangu. Atakataa. Mwacheni akatae, lakini muulizeni nani alimwonyesha kukata majani mekundu kwa mkasi uliopinda.

Tangi lenyewe ni refu kama kitanda cha mtoto. Chini ni zulia la majani mafupi, katikati gogo la mzizi uliookotwa mtoni, nyuma majani mekundu yanayolala upande kwa mkondo wa pampu. Humo wanaogelea samaki mia moja na ishirini, wadogo kama kidole cha mwisho cha mtoto, kila mmoja na mstari wa buluu ubavuni. Bảy anawahesabu kila asubuhi kabla hajanawa uso.

Khởi ni fundi wa pampu za maji, ana miaka thelathini na mmoja, mikono mipana kama sahani, na kila kitu anajibu "ndiyo" mara mbili. Aliandika maagizo yote kwenye daftari. Taa saa nane kwa siku. Gesi ya kuipa mimea pumzi, mapovu mawili kwa sekunde. Mbolea ya maji, matone sita. Kila Jumapili theluthi ya maji imwagwe, yaingie mengine kutoka kwenye mitungi ya mvua. Akawa anakuja asubuhi saa mbili kabla ya kazi, na jioni tena akitoka.

Siku nne alikwenda vizuri. Siku ya tano maji yaliamka meupe, kama mtu kayatia maziwa. Siku ya sita samaki walikuwa wamepanda juu, midomo nje, wakihema, na watatu walikwisha kufa. Siku ya saba gogo lilikuwa limeota nyuzi za kijani, na kioo kimepakwa unga wa mwani ambao ukiupitishia kidole unaacha barabara.

Alinijia jasho likimtoka. "Ba'mdogo Tám, nimekosea wapi?"

"Majani yana njaa," nikamwambia. "Mmea wenye njaa haukui. Usipokua, mwani unakula sahani yake. Ongeza matone."

Maneno hayo ni ya kweli kabisa, kwa tangi jingine. Akaongeza, ikawa kumi na mawili. Siku ya nane usingemwona samaki aliye nyuma ya gogo. Sisemi nilikosea, niliwahi mno kujibu.

Kuanzia hapo Khởi hakuwa mtu. Thắm alimletea bakuli la supu ya tambi, Khởi akaukodolea macho mvuke, akasema, "Hata haya maji yamekuwa meupe." Samaki waliokufa aliwazika kwenye chungu cha maua, na idadi yao akaiandika kwenye daftari kwa herufi ndogo, kama anaona haya hata mbele ya karatasi. Wa tano. Wa saba.

Halafu Bảy akapiga simu kutoka hospitali, macho yamefungwa bandeji.

"Hujambo, bwana mkubwa? Tangi langu likoje?"

"Lipo, Mzee. Ndiyo. Ndiyo, lipo."

"Najua lipo, halina miguu. Weka simu karibu nisikie."

Khởi akaisogeza simu kwenye kioo. Bảy akasikiliza mapovu kitambo. "Pampu inavuta kwa shida," akasema, kisha akakata. Khởi alikaa chini palepale sakafuni. Pampu ilikuwa kazi yake, na chujio lake lilikuwa limezibwa na mwani.

Alinunua vichupa vya kupimia maji. Unatia matone, unatikisa, unalinganisha rangi. Fosfati, kile chakula ambacho mwani unakipenda mno, ikikaa sawa maji hubaki na buluu hafifu. Ya kwake ilikuwa buluu ya sare ya shule. Akaacha mbolea kabisa. Akapunguza taa hadi saa sita, akabadilisha nusu ya maji, jioni rangi ikapungua. Asubuhi ikarudi ileile.

"Ba'mdogo, mwani huu ni kama mtu asiyekula, halafu ananenepa. Kuna anayemlisha."

"Acha wazimu. Nyumba ina Thắm na Bibi tu."

Bibi huyo ni mama yetu mimi na Bảy, ana miaka themanini na minne, na alikuwa uani wakati huo akizungumza na maua yake.

Siku ya kumi na moja tulikuwa tumeinama mbele ya kioo, mimi nikimfundisha kuswaki gogo, tukaona uduvi wawili, wale kamba wadogo wanaokula mwani, wakigombania kitu cheupe. Khởi akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Ni punje ya mchele," akasema taratibu.

Kesho yake alfajiri alikuja kabla jogoo hajamaliza, tukajibanza mlangoni. Bibi alitoka jikoni na bakuli. Nanyi mjue, mji huu mzima unaishi kwa maua, na hakuna mwanamke wa hapa anayemwaga maji aliyooshea mchele. Yanakwenda kwenye mizizi. Akiona jani, mama wa hapa anafikiria kulilisha. Bibi akafungua kifuniko cha tangi, akamimina maji yale meupe polepole pembe hadi pembe.

"Kunyweni, wanangu," akasema. "Mwenyewe hayupo, na huyu kijana anawapimia chakula kwa matone kama dawa ya macho."

Tukarudi upande wangu wa ukuta. Khởi alikuwa amegeuka rangi.

"Mwambie," nikamnong'oneza.

"Mimi? Mchumba niliye kwenye mtihani nimwambie bibi wa nyumba kwamba anaua samaki? Wewe ndiye mwanawe, mwambie wewe."

"Mwaka jana nilimwambia apunguze chumvi. Alininyima supu wiki nzima."

"Basi nimpigie Mzee?"

"Umshitakie mama yake, naye kitandani, macho yamefungwa?"

Zilibaki siku nane, na kila asubuhi ilikuwa na bakuli lake. Nilimwona akisogeza midomo kama anayepiga hesabu, kisha akawasha pikipiki akaondoka bila kuaga. Mimi nilijua amekimbia. Hata nilishaanza kumfikiria Thắm mtu mwingine, mwana wa rafiki yangu, mwenye meno mazuri.

Alfajiri iliyofuata alikuwa jikoni na ndoo ya plastiki.

"Bibi, shikamoo. Mama yangu ana michungwa midogo ya mwaka mpya, ng'ambo ya mfereji. Naona maua yako yanavyong'aa, yake haifiki hapo. Naomba maji yako yote ya mchele."

"Yote? Na majani haya ya ndani yatakula nini?"

"Nitayalisha mwenyewe. Ukiona yamekonda, nitukane."

"Nitakutukana hata yakinenepa," Bibi akasema, lakini akamimina. Na kwa kuwa sasa kulikuwa na mtu wa kumpa, akaanza kuosha mchele mara tatu badala ya mbili.

Ndoo ikasafiri kwa pikipiki kilomita sita kila asubuhi. Suruali zake zikaanza kunuka uchachu. Jioni alimwaga nusu ya maji, akaswaki, akalifunika tangi kwa blanketi siku mbili mwani ukose mwanga, akatupia magugu yanayoelea yanywe kilichozidi, akaongeza uduvi thelathini. Siku ya kumi na saba buluu ilififia. Siku ya kumi na tisa maji yaling'aa kama kioo. Ila nyuma ya gogo ulibaki ushungi wa nyuzi za kijani usiokubali kung'oka.

Siku ya ishirini Bảy alirudi mchana, miwani myeusi usoni. Hakusalimia. Alivuta kigoda, akavua miwani, akahesabu. Sote tulisimama, na Khởi alikuwa amekamata ukingo wa meza.

"Mia moja na kumi na mmoja. Tisa wako wapi? Na hizi nywele nyuma ya gogo ni za nani?"

"Ni kosa langu, Mzee. Chakula kilizidi majini, wakafia mikononi mwangu."

"Kilizidi?" Bibi akaitikia kutoka jikoni. "Kwa mnyimi huyu? Bảy, ningemwachia yeye majani yako yangekufa njaa! Mimi ndiye niliyeyapa bakuli la maji ya mchele kila alfajiri, mpaka alipokuja na ndoo kuyaomba kwa ajili ya michungwa ya mama yake!"

Pampu ilisikika, nayo ilivuta vizuri. Bảy alimgeukia Khởi. Alimtazama kuanzia kichwani, akashuka hadi kwenye suruali yenye mabaka meupe, macho yakakaa hapo.

"Kila siku?"

"Ndiyo. Ndiyo."

"Hadi ng'ambo ya mfereji. Na hata simu ya kumshitaki mama hukunipigia."

Bảy akamimina chai, akanywa yote.

"Hiyo michungwa ya mama yako inazaa?"

"Matawi yanainama, Mzee."

"Basi mwambie aniletee mmoja. Na tambuu."

Kwetu hakuna mama wa kijana anayebeba tambuu kwenda nyumba yenye binti kwa ajili ya kupiga soga. Thắm aliangusha upawa. Mimi nilipiga makofi, maana nusu ya kazi ile ilikuwa ushauri wangu. Lakini Khởi hakumtazama Thắm, wala hakunitazama mimi. Alikuwa ameukazia macho mlango wa jikoni, ambako Bibi alikuwa akipima mchele wa chakula cha jioni, bakuli lile lile kando yake.